Mteremko wa Mama Wangeci

Nasimiyu,

Mama yako anakunja blanketi zako chumba cha pili, wewe mwenyewe nakusikia ukitafuta kiatu kilichokosa mwenzake, na mimi niko hapa mezani nakuandikia kana kwamba uko ng'ambo. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Lakini tangu Jumapili hujaniambia neno zaidi ya "chai iko tayari", na hata hilo unalisema ukiangalia birika. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, huyo mzee angejipikia chai mwenyewe.

Jumapili ulikuwa umeketi nyuma ya jiko ukichambua maharagwe, na mimi sikujua uko hapo. Mjomba wako Githinji alikuja, tukakaa nje, akaniuliza kama bado nautaka ule mteremko wa jirani yetu Mama Wangeci, maana mama huyo amechoka nao na anataka kuuza. Nikamwambia ndiyo, nautaka, tena siku hizi hauwezi kuwa na bei kwa vile umejaa mipungate. Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokutoa nyuma ya jiko. Ulipita mbele yetu na mikono yako ina vumbi la maharagwe, ukaenda zako bila kumsalimia hata mjomba wako.

Ulikuwa unajua jambo ambalo mimi nilikuwa nimejizoesha kutolijua. Mipungate ile, hiyo ambayo nyote hapa mnaita kaktasi, niliileta mimi. Niliujaza mteremko wa watu miiba mpaka ukakosa thamani, halafu nikakaa kwenye kiti changu nikingoja kuuchukua kwa bei ya bure.

Mambo ya kufua soksi mapema zikauke, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua, ya wavulana wenye maneno mengi, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena asubuhi. Sina la kuongeza hapo. Unaenda Londiani kusomea misitu, na hapo ndipo penye neno langu. Mimi nilitaka usomee ualimu, unakumbuka nilivyonuna. Sikukuuliza kwa nini ulichagua misitu kwa sababu niliogopa jibu.

Wacha nianze mwanzo, kwa sababu yapo mambo hukuyaona, ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Nilipohamishwa kutoka Bungoma kuja kufundisha huku, nilipanga chumba Ruring'u, nyuma ya uwanja, na ndiko nilikompata mama yako. Wewe ulizaliwa kiangazi, ndiyo maana ya jina lako. Mama yako alitaka uitwe jina la mama yangu, kwa desturi ya kwao, na mimi nikamwambia mama yangu bado yuko hai na jina lake analitumia. Tulibishana hadi majirani wakajua. Baadaye tukanunua hiki kipande hapa Kieni, si mbali na Chaka, upande wa mlima ambao mvua huwa inaufikia ikiwa imechoka. Watu wa Ruring'u walinicheka. Wakasema Mwalimu ameenda kulima mawe.

Mtu wa kwanza kutukaribisha alikuwa Mama Wangeci. Mume wake alikuwa amefariki, naye amebaki na mbuzi wengi na mtoto mmoja mgongoni, rika lako. Alituletea uji kwa kibuyu, kisha akanichukua kunionyesha mpaka. Mimi nikatafuta waya, nikatafuta mfereji, sikuona kitu. Akainama pale kwenye nyasi akagusa mmea wa itoka, ule wenye majani marefu na kiazi chini kama kitunguu kikubwa, maua yake meupe. Akasonga hatua kadhaa, akagusa mwingine. Mstari mzima ulikuwa hivyo, hadi kwenye kidimbwi cha kijito, pale mbuzi wake walipokuwa wakinywa.

"Hii hatung'oi," akaniambia. "Mtu aking'oa hii, hata watu wa nyumba yake hawamwamini tena."

Nikasema sawa, mama. Moyoni nilicheka. Kwetu mpaka ni mfereji na makelele, na hapa watu wanaaminiana kwa maua.

Mwanzoni nilikuwa na ua mzuri wa saipresi. Nilikuwa naukata kwa kamba, umenyooka, wageni wakipita wanausifu. Kisha wakaja wale vidukari, wadudu wadogo wa kufyonza utomvu, na wewe unaukumbuka mwaka ule, miti ikawa ya kahawia kutoka hapa mpaka milimani, mashamba ya serikali na nyua za watu. Ua wangu ulikauka wote. Mbuzi wa Mama Wangeci wakaanza kuingia kwenye kabichi zangu. Si kosa lao, walikuta mlango wazi. Lakini nilikuwa na hasira ya kupoteza ua wangu na sikuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mbuzi.

Nilikuwa nimeona mipungate huko upande wa Laikipia, nilipokwenda kusimamia mitihani. Ilikuwa imelizunguka boma la mtu, mirefu kuliko mtu, hakuna mnyama anayepita. Ati haihitaji maji, haihitaji mbolea, haina mdudu. Nikajaza gunia vipande vyake nikaja nalo. Nilivipanda mstari mmoja, upande wetu wa mpaka, mbali kidogo na zile itoka. Nataka uamini hilo, kwamba nilipanda upande wetu. Halafu ukishaamini, jua kwamba halinisaidii.

Ilishika haraka. Mbuzi waliijaribu mara moja wakaacha. Nilijisikia mtu mwenye akili kuliko wote Kieni. Nilitembea barabarani nikisubiri kuulizwa, na watu waliponiuliza nikawapa vipande, huyu viwili, yule vitatu. Mwalimu mkuu nikamshawishi tuipande kuzunguka shule. Darasa la saba walichimba mashimo, na wewe ukiwa mdogo ulisimama pale umeshika ndoo ya maji ambayo hata haikuhitajika. Ilipozaa yale matunda mekundu, niliyamenya kwa kisu na uma, nikawa nayagawa darasani kwa mtoto aliyepata hesabu zote. Nilitumia matunda ya mpungate kama zawadi. Watoto wale walikula wakaenda makwao, kila njia, hadi vichakani walikokwenda haja. Sikufikiria mbegu. Mtu mzima, mwalimu wa sayansi, niliyekuwa nikiandika ubaoni kwa chaki za rangi namna mbegu zinavyosambaa, ndege, upepo, maji, wanyama.

Ndipo ile miaka ya ukame ikaja. Mvua ya Aprili ikawa inakuja Mei, au inanyesha wiki moja na kwenda. Wazee walikuwa wanapanda kwa kuangalia mlima kama walivyofundishwa, na mlima ukawa unawadanganya. Nyasi za mteremko zikaisha, udongo ukabaki wazi. Mpungate ulibaki kijani. Nyani wakashuka kutoka msituni kwa sababu ya njaa, wakala matunda, wakavuka mpaka. Kila palipokufa nyasi, pakaota kaktasi, na ikishaota nyasi haikurudi hata mvua iliponyesha. Itoka zote za mpaka zikamezwa. Siku hizi ukiniuliza mpaka uko wapi, siwezi kukuonyesha.

Mama Wangeci alikuja kwangu wakati huo. Alisimama hapo nje, hakutaka kuketi.

"Mwalimu, mbuzi zangu zinatoka damu kwa mdomo. Hiyo kitu imefunga njia ya maji. Tutafanya aje?"

Nilimwambia nini? Nilimweleza habari za hali ya hewa. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba dunia inaongezeka joto, kwamba theluji ya Kirinyaga, mlima wetu huu, inapungua, na mambo haya yanatoka kwa viwanda vya nchi za mbali. Nilimpa somo zima. Akanisikiliza amefunga mikono kwenye shuka yake. Nikamalizia, "Mama Wangeci, hii ni hali ya anga, hakuna mtu wa kulaumiwa." Akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda.

Nasimiyu, yale niliyomwambia yalikuwa kweli. Hili ndilo linaloniuma. Kiangazi kilikuwa cha kweli, na mlima ulikuwa unapoteza weupe wake kila mtu akiona. Lakini nilichukua jambo la kweli nikajifichia nyuma yake. Angani hakuna aliyebeba gunia.

Na kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia hata mama yako. Njia ya mbuzi ilipofungwa, kidimbwi kikabaki changu. Wakati watu wote wanalia maji, kabichi zangu zilikuwa zinameremeta. Nilikuwa nashuka jioni na ndoo zangu, naona ile mipungate imesimama kati yangu na mbuzi wa watu, na nafurahi. Sikuipanda kwa kusudi hilo, haki ya Mungu. Lakini nilipoona imefanya hivyo, nilinyamaza. Sikuinua panga.

Niliinua panga baadaye, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Wazazi walianza kulalamika shuleni, mtoto mmoja aliingiwa na ile miiba midogo ya nywele-nywele shingoni. Mwalimu mkuu akaniambia, wewe uliyeleta, toa. Nikachukua darasa la nane wote na mapanga, tukaikata. Tuliikatakata kwa bidii, watoto wanaimba, na vipande tukavitupa kwenye korongo nyuma ya shule, vingine kijitoni. Nilirudi nyumbani nimechoka na nimejipongeza. Kila kipande kilichoguswa na udongo kikatoa mizizi. Tulidhani tunaua, kumbe tunapanda kwa mikono ya darasa zima.

Mwaka juzi ikaja Elinino. Unaikumbuka ile mvua, choo chetu kilivyoanguka na daraja la chini lilivyokwenda. Ilichukua vipande vyote kwenye korongo ikavishusha, ikaviacha kwenye mteremko wa Mama Wangeci na kwa watu wengine chini zaidi ambao hata majina yao siyajui. Mvua ilipokwisha, udongo umelowa vizuri, jua likatoka. Hakuna mkulima angepanda vizuri namna hiyo.

Sasa narudi nyuma, kabla ya Elinino, mkiwa bado shuleni kwangu, kwa ile siku ya mbuzi. Najua unaikumbuka, na najua unakumbuka nilivyokujibu.

Ulikuwa umerudi kutoka shule, ukapita kwa Mama Wangeci. Nilikuja kukutafuta nikakukuta umepiga magoti, umeshika kichwa cha mbuzi jike kwa mapaja yako, na Wangeci anamtoa miiba mdomoni kwa kibanio. Ulimi wa mbuzi ulikuwa umevimba hautoshi mdomoni. Jicho moja lilikuwa limefumba na kutoa usaha. Wangeci alikuwa analia bila sauti huku akivuta mwiba mwingine. Ukainua uso ukaniuliza, "Baba, kwani hii kitu ilitoka wapi?"

Nikakwambia, "Ni ndege walileta."

Wangeci hakugeuka. Wewe ukaendelea kuniangalia kidogo, kisha ukarudi kwa mbuzi. Ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka ndoo uliyoishika shuleni. Nafikiri siku hiyo ndipo ulipoanza kunichunguza, na mimi nikaanza kukukwepa, nikajifanya mkali juu ya masomo yako. Jioni baada ya shule ulikuwa unaenda kule na jembe, unarudi na vidole vimevimba, na mimi nakugombeza kwamba unapoteza muda wa kusoma. Mama yako ndiye alikuwa anakutoa miiba kwa mwanga wa taa. Mimi nilikuwa nageukia upande mwingine nikisahihisha vitabu.

Mbuzi wale walikufa mmoja mmoja, wengine wakauzwa wakiwa mifupa. Na mbuzi ndio walikuwa karo ya Wangeci. Alipoacha kuja shule, nilimngoja muhula mmoja, kisha nikapiga mstari kwenye jina lake. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema kuna wazazi hapa wasiothamini elimu ya wasichana. Mama Wangeci alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Nilimwona. Niliendelea kusema.

Wangeci yuko Sagana sasa, pale magari yanaposimama, anauzia wasafiri mayai na ndizi dirishani. Mlikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Alikuwa anakushinda hesabu, wewe mwenyewe unajua, na matunda yangu ya zawadi alikula mengi kuliko yeyote. Kesho wewe unaenda chuoni na yeye anaamka kuchemsha mayai. Naona aibu, mwanangu. Sina neno jingine la kuliita.

Baada ya wewe kupita mbele yetu Jumapili, Githinji aliondoka na mimi nikabaki na mama yako. Nikajitetea. Nikamwambia nisipoununua mimi atanunua mwingine, na mimi angalau ni jirani. Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Baba Nasimiyu, hata mimi nimekula hizo kabichi. Usinitafute nikusafishe." Akaendelea kupepeta. Siku tatu nilizunguka hapa nyumbani nikitafuta mtu wa kuniambia niko sawa, na hata mbwa hakunikaribia.

Leo mchana nilikwenda. Ulidhani nimeenda Chaka kukununulia sanduku, na kweli sanduku nilinunua, lakini kabla ya kurudi nyumbani nilipitia kwa Mama Wangeci. Nilimkuta anafunga mlango wa zizi kwa mkonge. Amebaki na mbuzi watatu tu, unawajua.

Nikamwambia, "Nimekuja kwa habari ya mteremko."

"Githinji ameniambia uko na haja nayo."

"Sina haja tena. Sinunui. Mama Wangeci, hiyo mipungate ni mimi niliileta."

Aliacha mkonge akaniangalia, wala si kwa hasira. Aliniangalia kama ninavyowaangalia watoto wanaoniletea jibu la swali la mwaka jana.

"Mwalimu," akasema, "nani hajui? Ulishuka kwa gari na gunia, likakushinda. Si mimi nilikusaidia kubeba mpaka kwako?"

Nilikuwa nimesahau. Nasimiyu, nakuapia nilikuwa nimesahau kabisa. Alipolisema ndipo niliona tena, mimi nimeshika upande mmoja wa gunia na yeye upande mwingine, Wangeci mdogo akitufuata nyuma, na mama yake ananiuliza hii ni mboga gani ya Laikipia. Aliibeba miiba hiyo kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye mpaka wake, kwa ujirani mwema. Na miaka yote hii hajawahi kunitupia hilo usoni.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuja kwako. Ukanifundisha mambo ya mawingu."

Nilisimama pale na sanduku jipya mkononi kama mchuuzi. Mwisho nikamwambia nataka kuing'oa yote, kwake kwanza, halafu kwangu.

"Wewe, ama watoto wa shule?"

"Mimi."

"Kwa panga?"

"Hapana. Kwa jembe, na mzizi wake. Tuirundike juu ya mawe ikauke, tuichome, inayobaki tuifukie chini sana. Nasimiyu ndiye aliyegundua kwamba hivyo haioti tena. Ile sehemu ndogo aliyolima yeye pale juu, nyasi imerudi."

"Najua imerudi. Mbuzi yangu ndiyo inakula hiyo." Kisha akatazama juu, mlimani, ambako mawingu yameanza kukaa. "Basi kuja kesho kabla jua litoke. Mvua iko karibu. Ikinyesha hii kitu ikiwa imelala chini, tumeipanda tena, na mimi sitaki kupanda na wewe mara ya pili."

Nikamwambia, "Kesho Nasimiyu anasafiri. Nilitaka kumsindikiza mpaka steji. Ngoja keshokutwa."

Alirudia mkonge wake. Alifunga fundo, akalivuta, akafunga jingine.

"Siku Wangeci alienda Sagana," akasema, "nilikuwa huko chini natafuta mbuzi imekwama kwa hiyo miiba. Aliondoka bila mtu wa kumbebea mfuko. Mimi sikulazimishi, Mwalimu. Sindikiza mtoto wako. Lakini hiyo ya keshokutwa nimeisikia kwako mara nyingi."

Nikamwahidi kuja kesho kabla ya jua, kisha nikamuuliza kama bado atauza. Akasema ataona mkono wangu kwanza. Hakuniambia amenisamehe na sikumwomba, kwa sababu niliona kwamba nikiomba atasema ndiyo kwa heshima tu, na mimi nitakuwa nimemnyang'anya kitu kingine.

Kwa hiyo sitakuwepo steji kesho. Githinji atabeba sanduku na mama yako atakuwa nawe mpaka gari lijae. Nimewaza sana kama huu nao ni ujanja wangu mwingine, kwamba najificha nyuma ya jembe kama nilivyojificha nyuma ya mawingu, nisikutane na macho yako. Huenda sehemu yake ni hivyo. Lakini nikikusindikiza, nitakuwa nimesema tena kwamba mtoto wangu ni mtoto kuliko wa mwenzangu. Nimekwisha kulisema hilo miaka mingi bila kufungua mdomo.

Huko unakokwenda watakufundisha majina ya miti na ya wadudu. Watakufundisha kwamba ukame ukizidi, mimea ya kuja hupata nafasi, na ni kweli, usibishane nao. Nakuomba tu, ukitumwa kwa mkulima ambaye shamba lake limeharibika na akakuelezea kwa ufasaha namna anga lilivyobadilika, msikilize mpaka mwisho, halafu mwombe akuonyeshe anakochota maji. Usimwaibishe mbele ya watoto wake, maana mtu akiaibishwa atashikilia uongo wake mpaka kaburini. Mimi ningeushikilia. Wewe ulinipa nafasi ya kuuachilia kwa kunyamaza tu, na sijui ulijifunza wapi, maana si kwangu.

Na ukiwa wewe ndiye umekosea, kwa sababu utakosea, utaleta mbegu fulani mahali fulani ukiwa na nia njema na cheti mkononi, nenda siku ile ile. Usingoje uwe na maelezo. Mimi nilikuwa na maelezo mazuri sana.

Ukimwandikia Wangeci, usinitetee. Nitakwenda Sagana mwenyewe, mvua hii ikitukuta tumemaliza. Sijui nitamwambia nini msichana yule mbele ya wasafiri wake. Pengine nitanunua mayai kwanza nisimame kando, aamue yeye kama ana nafasi ya kunisikiliza.

Barua hii mama yako atakupa asubuhi pamoja na chai. Isome kabla hujatoka, kwa sababu gari likishaondoka Chaka kuelekea Kiganjo, kuna mahali barabara inapinda na mteremko wote unaonekana upande wa kushoto. Kaa upande huo. Utaona watu wawili katikati ya mipungate. Aliyesimama wima ni Mama Wangeci. Aliyeinama ni baba yako. Usimwambie dereva apige honi, na wala usinipungie mkono, kwa maana sitainua kichwa. Nimemwahidi mwenye shamba.

Baba yako anayekupenda, ingawa alichelewa kuonyesha,

Mwalimu Wekesa